Mgeni wa Shangazi na Daraja la Kwanza

Kila mwaka, barua za wito wa vyuo vikuu zinapotoka, nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu huingiwa na furaha moja na swali moja. Furaha ni kwamba binti amepata nafasi Chuo Kikuu cha Nairobi au cha Kenyatta. Swali ni atakaa wapi. Jawabu halikawii: atakaa kwa shangazi yake Buruburu, au kwa ami yake Umoja, au kwa jamaa wa mama yake walioko Pumwani. Mitaa ya Eastlands si ugenini kwetu. Pumwani imekuwa makao ya familia za Kiislamu tangu miaka ya 1920, na wengi wetu tuna ndugu huko. Binti atakuwa mikononi mwa watu wake, atasikia adhana, na kodi ya chumba itaokolewa.

Uamuzi huo ni wa busara. Lakini kuna jambo moja ambalo aghalabu halizungumzwi siku ya kumfunga mizigo, nalo ni hili: binti huyo anakwenda kutafuta shahada ya namna gani?

Wengi wetu hudhani kuwa shahada ni shahada, ama umeipata ama umeikosa. Sivyo. Nchini Marekani vyuo vingi vina programu maalumu kwa wanafunzi bora. Mwanafunzi huomba kuingia, na huchaguliwa wachache. Kwetu Kenya tumerithi desturi ya Uingereza, na mlango wa namna hiyo hauko. Karibu kila anayesajiliwa kwa shahada ya kwanza ameingia katika mashindano hayo siku ile ile ya kwanza, ajue asijue. Mwisho wa safari, wastani wa alama zake ndio unaompa daraja. Tusichanganye jambo hili na shahada za heshima wanazotunukiwa viongozi. Hapa tunazungumzia cheo cha kazi ya mwanafunzi mwenyewe.

Madaraja yenyewe, katika Chuo Kikuu cha Nairobi na vingi vya vyuo vyetu, ni haya. Mwenye wastani wa 70 na zaidi hupata Daraja la Kwanza. Wa 60 hadi 69 hupata Daraja la Pili la Juu. Wa 50 hadi 59 hupata Daraja la Pili la Chini. Wa 40 hadi 49 huambiwa amepita tu.

Tofauti hizo si mapambo ya cheti. Mwenye Daraja la Pili la Juu huweza kuomba shahada ya uzamili moja kwa moja. Wa Daraja la Pili la Chini aghalabu hutakiwa kwanza awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi. Ufadhili wa masomo wa Uingereza, kama vile Chevening na ule wa Jumuiya ya Madola, kwa kawaida huanzia Daraja la Pili la Juu. Kwa hiyo binti aliyemaliza na 59 na mwenzake aliyemaliza na 60 wametenganishwa na alama moja, lakini hawasimami mbele ya mlango mmoja.

Tena alama za kidato cha nne haziingii katika hesabu hii. Aliyeingia na C+ na aliyeingia na A huanza upya pamoja. Sisi watu wa pwani tuna mfano wetu. Ali Mazrui, mwana wa Kadhi Mkuu wa Kenya, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge mwaka 1949, na Makerere haikumpokea. Alifanya kazi ya ukarani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa kabla ya kupata ufadhili wa kwenda Uingereza. Mwaka 1960 alihitimu Manchester kwa sifa ya juu, na mwaka 1966 akapata udaktari wa falsafa Oxford. Makerere ile ile baadaye ilimpa kiti cha uprofesa. Alama za kuingilia hazikuwa hukumu.

Basi daraja hupotelea wapi? Mara nyingi halipotelei darasani. Hupotelea nyumbani.

Tuchukue siku moja ya binti anayekaa Buruburu. Huamka kabla ya alfajiri, huswali, huandaa chai na kuwatayarisha watoto wa shule. Hupanda matatu ya barabara ya Jogoo, akaingia mjini darasa limekwisha kuanza. Jioni hurudi katika msongamano ule ule, na akifika hukuta vyombo, nguo, chapati za kusukuma na mtoto wa kusaidiwa hesabu. Anapofungua daftari ni saa nne za usiku, na chumba chenyewe ni cha watu watatu. Hapana aliyemdhulumu kwa kusudi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na shangazi naye ana kodi yake na uchovu wake. Tatizo ni kwamba masomo ya chuo huchukua miaka minne, na jembe lile halikupimwa.

Hesabu ya chuo haina huruma kwa hali hiyo. Katika masomo mengi, kazi za katikati ya muhula zina alama 30 na mtihani wa mwisho 70. Aliyepata 12 katika zile 30, kwa sababu alichelewa au hakupata wakati wa kuandika, atahitaji 58 katika zile 70 ili afike 70. Hayo si mambo ya kufidiwa kwa kukesha usiku mmoja.

Liko jambo jingine ambalo kila mama alijue. Anayefeli mtihani na kuurudia, katika vyuo vingi huandikiwa alama ya kupita tu, hata akiujibu vizuri namna gani. Lakini aliyezuiwa na maradhi, msiba au uzazi, akapeleka ushahidi kwa wakati, huweza kuruhusiwa mtihani maalumu, na alama zake huhesabiwa kamili. Wako mabinti walionyamaza kwa haya, wakabeba hasara isiyokuwa yao. Haya ni katika imani, lakini kuandika barua kwa mkuu wa idara hakuivunji haya. Vivyo hivyo kwa anayeolewa akiwa masomoni: kuahirisha muhula kwa maandishi ni bora kuliko kutoweka.

Tufanyeje, basi? Kwanza, mzazi azungumze na mwenyeji kabla ya safari, kwa heshima na kwa uwazi: binti atasaidia kazi gani, siku zipi, na saa zipi ni zake za kusoma. Akiweza, achangie unga na sabuni, ili jembe lipungue uzito. Pili, mwenyeji akumbuke kuwa binti ni amana, na wakati wake ni sehemu ya amana hiyo. Saa mbili za utulivu kila jioni huenda zikawa sadaka kubwa kuliko sahani ya pilau. Tatu, binti aombe kanuni za mitihani wiki ya kwanza, azisome, na asingoje mwaka wa mwisho kuanza bidii, kwa kuwa vyuo vingi huhesabu tangu mwanzo.

Na nyumba ikiwa finyu, Eastlands ina pa kukimbilia. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mjini mwaka 1931, ina matawi Kaloleni na Makadara, ambayo yamekarabatiwa miaka ya karibuni. Maktaba ya Taifa nayo ina tawi Buruburu. Binti akipita huko alasiri kabla ya kurudi nyumbani, mwenyeji asimhesabie kuwa ni mzururaji.

Umma ulioanzishwa kwa amri ya kusoma hautosheki na kupita tu. Dini yetu imetufundisha ihsani, kulifanya jambo kwa uzuri wake wote. Mwenyezi Mungu awatie nuru mabinti zetu walioko safarini, na awalipe kheri wanaowafungulia milango yao. Amin.