Je, Wajua? Ukurasa Mbovu Huwekwa Karantini

Seva ya Linux, iwe Chuo Kikuu cha Rongo, Migori, au Tom Mboya, Homa Bay, hugawa kumbukumbu yake katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4,096. Miale ya angani inaweza kugeuza biti, 0 ikawa 1. Kumbukumbu yenye biti za ukaguzi husahihisha kosa la biti moja papo hapo; zikiharibika mbili pamoja, maunzi hukiarifu kiini cha mfumo. Tangu toleo 2.6.32 la mwaka 2009, kiini cha Linux kinaweza kuutenga ukurasa wenye kosa hilo usitumike tena. Nakala safi ikiwepo diskini, husomwa upya. Isipokuwepo, programu inayoutumia huuawa, nyingine zikiendelea. Kosa likikipata kiini chenyewe, mara nyingi mashine nzima husimamishwa, na ni haki: afadhali izimike kuliko kumwandikia mwanafunzi alama zisizo zake.