Akisahau rakaa, mpime presha



Mzee mmoja wa mwambao wa Ziwa Nyasa aliletwa kwangu na wanawe. Huswali Adhuhuri, akimaliza husimama kuiswali tena, ukimwambia ameshaswali anakasirika. Nyavu alizoshona maisha yake yote hajui aanzie wapi. Majirani walishapitisha hukumu: majini. Nilipompima, presha ilikuwa 190 kwa 110. Hakuwahi kupimwa hata siku moja.

Kumsomea mzazi Qur'ani ni jambo jema, nami niliyelelewa madrasa siwezi kulipinga. Lakini kisomo hakizuii kupimwa.

Maradhi haya ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri huitwa dimensia. Si maradhi ya Wazungu peke yao. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, kati ya 2009 na 2010 ulikuta kuwa miongoni mwa watu wa miaka 70 na zaidi, wapatao 6 katika kila 100 wanayo.

Utauliza, moyo na figo vinaingiaje hapa? Ubongo hulishwa na mishipa midogo mno ya damu. Presha ikikaa juu kwa miaka mingi, mishipa hiyo hukakamaa na njia yake kuwa nyembamba. Vijisehemu vya ubongo hufa kimya kimya, bila mtu kuanguka wala kupooza. Sukari nayo huharibu mishipa hiyo hiyo. Figo zimejaa mishipa ya namna hiyo, ndiyo maana protini ikionekana kwenye mkojo tunahofia mishipa ya mwili mzima, ya ubongo ikiwemo. Na figo zikichoka, presha huzidi kupanda.

Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilieleza kuwa karibu 45 katika kila 100 ya dimensia duniani inahusishwa na mambo yanayoweza kuzuilika au kucheleweshwa. Presha, kisukari, unene na tumbaku vimo. Presha inayotajwa hapo ni ya umri wa kati, yaani wewe wa miaka 45 unayesema u mzima.

Basi nenda zahanati ukapime. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe siku nyingine, na sukari na mkojo vipimwe pia. Ukipewa vidonge, usiviache kwa kuwa umejisikia nafuu. Hili linanichosha kulisema kila wiki. Kabla ya Ramadhani mwone tabibu akupangie dawa kwa futari na daku. Chumvi ya siku nzima, pamoja na ya samaki wa kukausha, isizidi kijiko kimoja cha chai. Na ndugu zangu wa milimani Mbinga mnaobeba magunia ya kahawa, acheni kumeza daiklofenaki za dukani kila mgongo unapouma. Zinaumiza figo na kupandisha presha.

Mzee yule anatumia dawa. Kumbukumbu iliyokwenda haijarudi. Wanawe wanne niliwapima siku ile ile. Wawili presha iko juu, na mkubwa wao ana miaka 47.