Malta: Taifa lisilo na mto
MALTA, nchi ya visiwa iliyo kusini mwa Italia katika Bahari ya Mediterania, ina ukubwa wa kilomita 316 tu za mraba. Kaunti ya Taita Taveta ingeimeza zaidi ya mara 50. Hata hivyo, ilihesabiwa watu 519,562 mwaka 2021, ilhali Taita Taveta ilikuwa na 340,671 mwaka 2019.

Ilijinyakulia uhuru kutoka kwa Uingereza Septemba 21, 1964, miezi tisa baada ya Kenya. Lugha yake ina asili ya Kiarabu; kitabu, kwao, ni ktieb.

Haina mto. Zaidi ya nusu ya maji ya mifereji yake huchotwa baharini na kuondolewa chumvi kwa mitambo. Taita Taveta ina chemchemi za Mzima, ambazo maji yake husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa, huku wakazi wa Voi wakilalamikia uhaba.