Tijara ya Maakuli ya Wasafiri

Abiria apandaye basi alfajiri katika Kituo cha Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam, akikusudia kufika Mbeya, ana kilomita 800 na ushei mbele yake, na katika masafa hayo yote atapewa nafasi moja tu ya kuteremka na kula, au mbili akibahatika. Na ndani ya nafasi hiyo, ambayo aghalabu haifiki nusu saa na mara nyingi ni dakika chache zinazotangazwa na kondakta kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa swali, ndimo inamofanyika tijara kubwa ya chakula, ambayo wachambuzi wetu wa uchumi huipita kwa kasi ile ile ya mabasi.

Wasemao kwamba msafiri hana budi kula ovyo kwa kuwa njiani hakuna chakula cha siha, hawajaitazama njia yenyewe. Chalinze hupokea mananasi ya Kiwangwa. Ukishika njia ya Tanga, machungwa ya Muheza humwagwa kandokando msimu unapowadia, na Mombo huteremshiwa matunda ya baridi kutoka milima ya Usambara. Ukielekea Dodoma utakuta viazi vitamu vya Gairo vimepangwa mafungu kwa mafungu. Na aendaye Iringa hukatiza mashamba ya vitunguu ya Ruaha Mbuyuni na nyanya za Ilula, ziuzwazo kwa ndoo na matenga. Na bado abiria huyo huyo, akiwa amezungukwa na neema yote hiyo, hurudi kitini ameshika mfuko wa chipsi na paja la kuku wa kukaanga, chumvi ikiwa imenyunyizwa bila kipimo.

Sababu si ulafi. Wali na maharage yaliyokwisha kuiva hupakuliwa kwa upawa, upesi kuliko chipsi, na hushibisha kwa muda mrefu zaidi. Lakini hutaka meza, kijiko na mtu aliyetulia kitako, ilhali abiria ana jicho moja kwenye sahani na jingine kwenye basi, maana kila mmoja wetu amekwisha kusikia habari za mtu aliyeachwa njiani na mizigo yake ikatangulia. Kinachobebeka ndicho kinachoshinda. Mwenye hoteli analifahamu jambo hilo vyema, kwa hiyo viazi vyake hukaangwa nusu mapema vikawekwa kando, na mara basi linapokata kona kuingia uwanjani hurudishwa karaini, vikaiva kabla abiria wa viti vya nyuma hawajateremka.

Kisha kuna mapatano yasiyoandikwa popote. Basi husimama pale dereva apendapo, na ni desturi ijulikanayo na kila msafiri kwamba dereva na utingo wake hula bure, mahali pao mahususi, sahani iliyojaa kuliko ya mlipaji. Simlaumu dereva, kwani kazi yake ni ngumu na tumbo lake ni kama la mtu mwingine yeyote. Lakini gharama ya ukarimu huo haianguki kutoka mbinguni, bali huingizwa katika bei ya sahani ya abiria, na athari yake katika biashara ni kubwa kuliko bei yenyewe, kwa kuwa mwenye hoteli hashindani na mpishi hodari wa ng'ambo ya barabara, ila hushindana na yule atakayemkirimu dereva zaidi. Abiria hakuichagua hoteli. Basi kwa nini mwenye hoteli ajisumbue kumpikia mchicha?

Gharama imuumayo mkaangaji ni mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta ya kula yatumikayo nchini ni ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, hivyo bei yake hupanda kwa sababu zilizo mbali mno na majiko ya Mikumi, njiani kwenda Mbeya, na mtu aliyelinunua dumu kwa bei ya juu haoni sababu ya kuyamwaga mafuta eti kwa kuwa yamebadilika rangi: hukaangia leo, huchuja kesho, huongezea kidogo keshokutwa. Na hayo yakitendeka, mabasi ya Kanda ya Ziwa yanapita Singida, ambako mafuta ya alizeti hupangwa kando ya lami katika madumu, abiria wakiyanunua kwa ajili ya nyumbani. Tangu 2019 usalama wa chakula umewekwa chini ya Shirika la Viwango, TBS, na maafisa afya wa halmashauri nao huyazuru majiko, wakakagua vyoo na vyeti vya afya vya wapishi. Kazi njema, ila sijapata kumwona aliyeinama juu ya karai.

Wenye mabasi nao wana fungu lao. Kampuni zinazojisifia huduma bora humgawia abiria soda na biskuti, na chupa ya mililita 350 ya soda ya kola huwa na sukari ipatayo gramu 35 au zaidi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na kwamba nusu ya hizo ingefaa zaidi. Ndizi mbili na maji vingemfaa abiria zaidi, lakini ndizi huoza stoo na soda haiozi.

Aliyebaki ni mchuuzi wa dirishani, ambaye kwa maoni yangu ndiye muuzaji bora wa chakula katika barabara zetu. Mtazame wa mayai: sinia begani, mkono mmoja umeinuliwa hadi kioo cha dirisha, wa pili unamenya yai kwa kidole gumba, unalipasua kwa kisu na kulijaza kachumbari, huku akikimbia na kupiga kelele, “Chukua, anko, gari linaondoka!” Yai la kuchemsha, chungwa lililomenywa, karanga, muhogo wa kuchoma: hicho ndicho chakula kibebekacho ambacho mganga yeyote angekiidhinisha, nacho huuzwa na mtu asiye na kivuli wala bomba la maji ya kunawia. Mwishoni mwa 2018 serikali ilianza kuwapa wachuuzi vitambulisho kwa shilingi 20,000 kila kimoja, vikawapunguzia bughudha ya kufukuzwa. Bomba halikuja pamoja na kitambulisho.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, fungu la mchuuzi huyo limezidi kupungua, kwani saa nane za usiku dirisha limefungwa na hoteli iko macho. Na reli ya kisasa, iliyoanza kuwafikisha abiria Dodoma mwezi Julai 2024, hupita Kilosa wala si Gairo, tena madirisha yake hayafunguki. Nafasi ya kuuza chakula stesheni na ndani ya mabehewa itamwendea mwenye mtaji, leseni na mashine ya risiti. Mama wa viazi vitamu peke yake hana hata kimoja kati ya hivyo. Akina mama kumi wenye chama kimoja, leseni moja na jiko moja safi lililo karibu na stesheni wanaweza kuwa navyo vyote, na halmashauri inayokusanya ushuru wao kila siku ina uwezo wa kuwajengea jiko hilo kwa fedha hizo hizo.