Kishikwambi Kikubwa katika Kazi za Kila Siku za Mwalimu

Tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vilipogawiwa walimu wa shule za serikali, chombo hiki kimeacha kuhesabiwa kuwa anasa ya watu wa ofisini. Wanachuo wengi sasa wana nia ya kununua cha kwao, na aghalabu wanatamani kile kikubwa, chenye kioo cha inchi 12 au zaidi. Bei yake si ndogo. Kwa mwalimu anayeanza kazi yaweza kumeza mshahara wa zaidi ya mwezi mmoja. Hapana budi basi mwanachuo ajiulize mapema: chombo hiki kitamtumikia nani? Makala haya yanashikilia kwamba kishikwambi kikubwa ni meza ya mwalimu, wala si ubao wa wanafunzi. Anayekinunua ili kimsaidie kusoma, kuandaa na kutunza kazi zake atafaidika nacho. Anayekinunua ili akiinue mbele ya watoto 60 atakuwa ametupa fedha zake.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Kabla ya kuingia darasani mwalimu husoma muhtasari wa somo, kitabu cha kiada na kiongozi cha mwalimu, kisha huandaa azimio la kazi na andalio la somo. Maandiko mengi ya aina hii, yakiwamo yale yanayopatikana katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yamepangwa kwa ukurasa mzima wa karatasi. Azimio la kazi, mathalani, ni jedwali lenye safu nyingi. Mwalimu akilisoma kwenye kioo kidogo hulazimika kulikuza kwa vidole, na akisha kulikuza vichwa vya safu hupotea pembeni. Huenda akasoma idadi ya vipindi vya mada moja akidhani ni ya mada nyingine. Hapo ndipo ukubwa wa kioo unapokuwa na maana.

Lakini ukubwa huo unapimwaje? Inchi zinazotajwa dukani hupimwa kwa mshazari, yaani kutoka kona hadi kona, na hazisemi lolote juu ya umbo. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na kimo cha milimita 297. Kishikwambi cha inchi 10.1 kilicho chembamba, ambacho upana na kimo chake ni kama 10 kwa 16, kikisimamishwa huwa na upana wa milimita 136 tu. Ukurasa wa A4 ukienea wote humo hupungua hadi asilimia 65 ya ukubwa wake, na herufi ya pointi 12 huwa chini ya pointi 8. Kile cha inchi 12.4 chenye umbo hilohilo hufikisha asilimia 80 hivi. Cha inchi 12.9 chenye umbo pana zaidi, 3 kwa 4, hufikisha asilimia 88. Tofauti ya nusu inchi inaonekana ndogo, lakini umbo limeongeza kadiri ambayo macho ya mtu asomaye usiku yataihisi. Kwa hiyo usiulize inchi peke yake. Nenda dukani na faili la azimio la kazi, lifungue, ulisome kwa dakika 10 bila kulikuza. Muuzaji akikunja uso, mvumilie.

Yule ambaye tayari ana kishikwambi cha inchi 10 asikate tamaa. Akikilaza, upana wake huwa milimita 217, hivyo ukurasa uliosimama huonekana kwa ukubwa wake kamili, ingawa ni karibu nusu yake tu kwa mara moja. Kwa kusoma kitabu cha maelezo hiyo yatosha. Kwa majedwali haitoshi.

Ukiwa hapo dukani, toka nacho mlangoni penye jua. Walimu wengi huandaa kazi zao chini ya mwembe au barazani, na kioo kinachong'aa vizuri ndani ya duka huweza kugeuka kioo cha kujitazamia mara kifikapo nje. Jaribu pia kalamu yake. Ziko kalamu zenye ncha ya mpira, ambazo hufanya kazi ya kidole tu. Na ziko zile ambazo kishikwambi huzitambua mbali na kidole, hata mwandishi aweza kulaza kiganja juu ya kioo bila kuacha alama. Aina hii ya pili ndiyo ifaayo kwa kuchora na kuandika kwa mkono, lakini si kila kalamu hukubaliana na kila kishikwambi. Usikubali kuambiwa kwamba zitakubaliana, ziandike palepale.

Jambo la umeme linawasumbua wengi wapangiwao shule za mbali. Vishikwambi vikubwa vingi vina betri ya wati-saa 30 hadi 40. Chaja ya kawaida ya simu, yenye volti 5 na ampea 2, hutoa wati 10. Betri ya wati-saa 40 itahitaji basi saa 4 kwa hesabu, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto, tuseme saa 5. Pawabenki ya milliampea-saa 10,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 37, na sehemu yake hupotea vilevile, hivyo haitakijaza kishikwambi hicho hata mara moja. Anayetegemea sola ya nyumba moja na taa zake afanye hesabu hii kabla ya kununua. Na kwa vyovyote vile, hatua kuu za somo ziandikwe pia katika daftari, kwani kipindi hakingoji betri.

Sasa tuingie darasani. Mwalimu husoma kishikwambi akiwa umbali wa sentimita 40 hivi, na herufi kubwa ya pointi 12 ina kimo cha karibu milimita 3. Mtoto wa dawati la nyuma yuko mita 6, yaani mara 15 ya umbali ule. Ili aione herufi kwa ukubwa uleule auonao mwalimu, herufi hiyo sharti iwe na kimo cha milimita 45. Kwa kadiri hiyo neno moja kama usanisinuru haliwezi kuenea katika mstari mmoja wa kioo kikubwa kuliko vyote nilivyovitaja.

Wapo wanaojibu kwamba watoto wataangalia kwa vikundi. Na tuhesabu. Watoto 60 kwa vikundi vya 6 ni vikundi 10. Kila kikundi kikipewa dakika 3, dakika 30 zimekwisha katika kipindi cha dakika 40, na watoto 54 hawaangalii kitu kila wakati. Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha nimeona vipindi vya namna hii. Kelele zake husikika hadi ofisini. Njia ya vikundi hufaa pale tu ambapo wengine wote wana kazi ya maana ubaoni, na mzunguko ukagawanywa katika siku mbili au tatu.

Iliyo bora zaidi, nionavyo mimi, ni kukitumia kishikwambi kutengenezea zana kubwa. Chukua picha ya moyo wa binadamu. Ipanue katika kioo hadi sentimita 18 kwa 24, na kwa kalamu au programu ya kuchorea uigawe katika vimraba vya sentimita 2. Utapata vimraba 9 kwa 12. Chora kwa chaki vimraba vya sentimita 10 ubaoni, idadi ileile, kisha nakili mistari iliyomo katika kila kimraba, kimoja baada ya kingine. Mchoro utatoka na upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 120, nao utaonekana hadi nyuma. Kwenye karatasi ya manila vimraba vya sentimita 5 vyatosha, na zana hiyo itatumika mwaka hadi mwaka bila umeme. Jambo moja tu la kuangaliwa: picha isikuzwe tena baada ya kuchorwa vimraba, la sivyo mistari haitalingana.

Majina na alama za wanafunzi zikihifadhiwa humo, chombo kifungwe kwa nywila. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu walimu pia. Nakala ya faili zote iwekwe mahali pengine kila Ijumaa. Na vumbi la chaki lisiachwe kuingia katika tundu la kuchajia. Likiingia, lisafishwe kwa brashi ndogo iliyo kavu, wala si kwa pini.