Reli ya Gulwe Ilifungwa Siku Ngapi?

Mvua zikizidi Dodoma, Mto Kinyasungwe hufurika, hula tuta la Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, na treni husimama. Ndivyo ilivyokuwa msimu wa 2009/2010. Anayetunza kumbukumbu za matukio hayo katika kanzidata huulizwa swali linaloonekana jepesi: reli ilifungwa siku ngapi?

Kutoa tarehe moja kutoka nyingine si kazi. Kwa mfano, treni za reli ya kisasa (SGR) zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro 14 Juni 2024, na kufika Dodoma 25 Julai. PostgreSQL hutoa moja kwa moja na kujibu 41. DATEDIFF ya MySQL hutaka tarehe ya mwisho itangulie, la sivyo utapata -41. Ya SQL Server huanza na neno day, kisha tarehe ya mwanzo. Mkanganyiko huo ni wa kukariri tu.

Ugumu uko kwenye maana ya siku. Reli ikifungwa tarehe 3 na kufunguliwa tarehe 10, kutoa kunaleta 7. Mhandisi anayelipa vibarua kuanzia tarehe 3 hadi 10 anahitaji 8. Kompyuta haiwezi kumchagulia. Tena DATEDIFF haijali saa: njia iliyofungwa saa 5:30 usiku na kufunguliwa saa 6:30 inahesabiwa siku 1, ingawa ni saa moja tu.

Halafu kuna UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Maji yakikata tuta saa 8 usiku wa kuamkia 1 Januari, seva inayotumia UTC huandika 31 Desemba, na tukio linaangukia ripoti ya mwaka uliopita. Geuza muda kwanza kuwa wa Africa/Dar_es_Salaam, ndipo uondoe saa.

Kwangu mimi, hatari kubwa kuliko zote ni NULL. Njia ambayo bado imefungwa haina tarehe ya kufunguliwa, hivyo jibu lake ni NULL, na SUM huiruka kimyakimya. Huenda ndilo tukio baya kuliko yote, na halimo kwenye jumla. Tumia COALESCE(ilifunguliwa, CURRENT_DATE), kisha weka safu nyingine inayoonyesha kuwa hesabu inaendelea. Bila hiyo, mkubwa wako atauliza kwa nini ripoti ya leo haifanani na ya jana.