Nakivale Tangu Mwanzo: Sehemu ya Pili

Juma lililopita tuliishia kwenye mapinduzi ya Rwanda ya 1959 na Watutsi waliovuka mpaka kuingia Ankole. Waingereza, ambao bado walikuwa wakiitawala Uganda, waliwapa nafasi kandokando ya Ziwa Nakivale, na mwaka 1960 makazi ya wakimbizi ya Nakivale yakatambuliwa rasmi. Kwa hiyo Nakivale ni ya zamani kuliko bendera ya Uganda, iliyopandishwa Oktoba 1962. Hata hivyo, wageni wengi wanaoshuka Base Camp, hapa Nakivale, kutoka Mbarara hudhani mahali hapa pameanza juzi tu.

Mwaka usiorukika ni 1982. Oktoba ile, chini ya serikali ya Rais Milton Obote, viongozi wa chama tawala na vijana wao waliwavamia Wanyarwanda wa Ankole, wakimbizi kwa raia. Nyumba zikabomolewa, ng'ombe wakaporwa. Makumi ya maelfu walikimbia. Wengine wakaingia Rwanda, wengine wakasongamana kwenye makazi ya Nakivale na Oruchinga. Vijana wengi waliokulia katika uchungu huo walijiunga na jeshi la waasi la RPF, lililovuka mpaka kuingia Rwanda tarehe 1 Oktoba 1990. Baada ya 1994 wengi wakarudi kwao. Kisha wakaja Wakongo waliokimbia vita vya 1996 na 1998, Wasomali, Waethiopia, na Warundi wa 2015.

Kuandika historia ya mahali kama hapa si rahisi. Ile ya kijiji cha Uingereza huandikika kwa wepesi kwa sababu mwaka 1538 Thomas Cromwell aliamuru kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Base Camp nayo ina kumbukumbu zake, ila zimetawanyika nyumba kwa nyumba: ile karatasi ya familia yenye picha, majina, tarehe za kuzaliwa na siku ya kufika, inayotunzwa ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Karatasi hiyo haisemi nani alilima kiwanja ulichopewa kabla yako, wala nani kazikwa pale. Hayo wanayajua wazee wachache waliobaki, na Wanyankole wa vijiji jirani. Aliyefika hapa akiwa mtoto mwaka 1960 sasa amepita miaka sitini na mitano.

Nawasihi walimu wa shule zetu wawatume wanafunzi kwa wazee hao na daftari muhula huu huu. Waanze na waliofika kabla ya 1982.